Moyo wa Phyllis Wangechi

Daktari Murugi alipopiga simu, Wangechi alikuwa ameinamia mashine ya kufuma, anamalizia mkono wa sweta ya shule. Huyu daktari ana salamu ndefu, atakuuliza habari ya mvua mpaka habari ya mbuzi. Siku hiyo hakuuliza kitu. Alisema tu, "Wangechi, zile seli zinazopiga vibaya. Nafikiri si zako."

Wangechi alibana simu begani akaendelea kusukuma mashine, safu moja, safu ya pili, kabla maneno hayajamfika. Yalipomfika, aliharibu mkono mzima wa sweta.

"Kama si zangu ni za nani?"

"Hapo ndipo sijui. Tumezilinganisha na damu yako, hazifanani," daktari akasema. "Njooni Nyeri nyinyi watatu, mteme mate kwa chupa, tulinganishe."

Haya. Mtu amekaa karibu mwaka mzima akijua kifo chake kimelala wapi, halafu anaambiwa mchana, katikati ya sweta, kwamba pengine kilikosea nyumba. Afurahi? Akasirike? Wangechi alifunga duka, akalifungua, akalifunga tena. Jirani yake anayeuza mboga akamuuliza kama amepoteza kitu, naye akajibu kwamba hajui.

Ili usipotee, wajue kwanza hawa watatu. Juu ya Othaya, kule chai inakogusana na msitu, kuna boma la marehemu Theuri. Mjane wake anaitwa Phyllis Wangechi Theuri, na wote humwita Cucu, yaani bibi. Desturi yetu unaijua: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Gikonyo, mwana mkubwa wa Cucu, alipopata binti akamwita Wangechi. Mdogo wake Kihara alipopata wake, naye akamwita Wangechi. Hapo hakuna ajabu, nyumba nyingi ziko hivyo. Lakini hawa ndugu walimpenda mama yao kupita kiasi, na kila mmoja aliona akiliacha lile jina la ubatizo atakuwa amempa mama nusu. Basi mabinti wote wawili wakabatizwa Phyllis. Ukisimama katika ule uwanja ukaita Phyllis Wangechi Theuri, wanaitika watatu.

Nyumbani walijitafutia njia. Mzee ni Cucu. Binti wa Gikonyo, aliyeolewa Chaka na anayeuza viazi sokoni huko, ni Mama Kim. Aliyebaki na jina lake ni binti wa Kihara, huyu wa sweta.

Kihara alianguka ndani ya shamba la chai akiwa na miaka arobaini na moja, kikapu kikiwa mgongoni. Hakupiga kelele. Wachumaji wenzake walidhani ameinama kufunga kamba ya kiatu. Miaka michache baadaye mdogo wao wa mwisho akaanguka vilevile, akicheza mpira, kijana mwenye mapafu ya farasi. Watu walisema yao. Cucu naye alikuwa na jibu lake, na hakulificha hata kanisani: hiyo ni damu ya akina Theuri. Mumewe alikufa kabla ya uzee, si ndiyo? Kwao yeye, alikozaliwa, watu huzeeka mpaka wakasahau kufa. Alikuwa na miaka themanini na nne, na bado alipanda kilima na mzigo wa majani ya ng'ombe huku akiwauliza vijana mbona wanahema.

Daktari Murugi alikuja kwa sababu ya vifo hivyo viwili. Alikuwa akitafiti mioyo inayosimama bila kubisha hodi. Alikuwa amepima damu ya wengi wa uzao wa Theuri, si ya Cucu, akakuta kitu ambacho vitabu havikukijua, naye hakuweza kusema kama kinaua au kimekaa tu. Ili ajue, alihitaji kuona moyo wenyewe ukifanya kazi, na moyo wa mtu hai huwezi kuukata ukautazama. Basi akaomba ngozi.

"Ngozi?" Wangechi aliuliza siku hiyo. "Na shida iko kwa moyo?"

Daktari akamweleza, naye akaelewa nusu. Kila seli ya mwili, daktari alisema, ina maagizo yote ya kutengeneza mtu mzima, lakini ile ya ngozi ilishaambiwa iwe ngozi, ikakubali, ikasahau mengine. Maabara wanaitia vitu fulani vinavyoifanya isahau kwamba ni ngozi. Inarudi nyuma, nyuma kabisa, mpaka inakuwa seli shina, kama zile za siku za mwanzo kabla mtoto hajawa na mkono wala jicho. Kutoka hapo wanaielekeza upya, safari hii iwe moyo.

Wangechi alifikiria sweta. Sweta kuukuu unaifumua, uzi unarudi kuwa uzi, unafuma soksi. Akauliza, "Na uzi ukiwa mbovu?"

"Hapo umeshika," daktari akasema. "Ukiwa mbovu, hata soksi itakuwa mbovu. Tunachotaka kuona ni huo ubovu."

Wakakatwa wote watatu siku moja, katika chumba kidogo cha zahanati Othaya, kipande cha ngozi ya mkono kisichozidi punje ya mtama. Wangechi kwa sababu ya baba yake. Mama Kim ili alinganishwe naye, maana baba yake Gikonyo alikuwa mzima anakunywa chai. Cucu kwa sababu alikataa kuachwa nje.

Majibu yalichukua muda mrefu. Ya Cucu hayakuwepo. Kipande chake kilikufa maabara kabla ya kufika popote, ngozi ya wazee mara nyingi haishiki, wakamwambia hivyo kwa upole, naye akanuna wiki nzima. Seli za Mama Kim zilikuwa nzuri. Kisha daktari akamkalisha Wangechi chini, akamwekea simu mbele. Kwenye kioo kulikuwa na kipande chembamba cha nyama isiyo na rangi, kimelala kwenye sahani, kinapiga. Hakuna mwili, hakuna mtu, kinapiga tu. Kilipiga mara mbili vizuri, kikanyamaza, kikapiga mara nyingi upesi upesi, kikanyamaza tena. Wangechi alishika pumzi akikingoja.

"Hizi ni zangu?"

"Ni zako," daktari akasema. "Pole sana."

Usilolijua ni usiku wa giza, wahenga walisema. Hawakusema kwamba mengine ukiyajua giza linazidi. Tangu siku ile Wangechi alikuwa na kidole shingoni, anajihesabia mapigo. Aliacha kubeba maji. Alilala bila kutia komeo mlangoni, wasije wakauvunja asubuhi. Kisha kulikuwa na Griffins, fundi wa stima kutoka Murang'a, mtu mpole mwenye meno mazuri, ambaye wazee wake walikuwa tayari kuja Othaya kuijua nyumba na kuanza habari za mahari. Wangechi alimwambia asiwalete.

"Nimekosa nini?" Griffins aliuliza.

"Hujakosa. Niko na kitu nitawapa watoto. Sitaki kuzaa mtu nimpe kifo yake mkononi, halafu pia nimuachie matanga yangu."

Griffins alisema atangoja. Wangechi akamwambia asingoje. Hilo ndilo lililomuuma kuliko moyo wenyewe, maana alimpenda yule mtu, na alipenda watoto kiasi cha kuwafumia wa majirani kofia bila kuombwa.

Sasa simu hii. Si zako.

Siku ya kutema mate, Cucu alitangulia kwenye ngazi za hospitali ya Nyeri, wajukuu nyuma yake. Daktari alipompa kichupa akakiangalia kama mtu aliyepewa kijiko cha kulimia.

"Mate ni ya kubariki," Cucu akasema. "Hii chupa nitaibarikia nini?"

"Ibarikie tu, Cucu," daktari akamwambia. "Tunaihitaji."

Akatema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akawaambia wajukuu wafungue viganja, akawatemea kidogo kidogo kifuani na mikononi kama wazee wanavyofanya, akawaombea mvua na watoto. Mama Kim aliitikia thaai, yaani amani. Wangechi, aliposikia neno watoto, alitazama dirishani.

Nje, Mama Kim alimvuta kando. Huyu ni mwanamke anayebeba gunia la viazi mgongoni akiongea na simu, lakini siku hiyo sauti ilimtoka nyembamba.

"Cucu zake zilikufa," akasema. "Tumebaki wawili. Kama hiyo mbaya si yako, ni yangu."

Wangechi alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha na bado lilimpiga usoni. "Hatujui," akasema.

"Niko na watoto watatu, Wangechi. Wewe huna." Kisha akajisikia, akajifunika mdomo. "Si vile nilitaka kusema."

"Najua."

"Ati unaomba nini ukienda kanisa? Niambie tu ukweli."

Wangechi hakukwepa kuomba. Alikuwa amejaribu. Alipiga magoti Jumapili akaanza kuomba isiwe yake, akafika katikati akaona anaomba iwe ya Mama Kim, dada yake huyu aliyemfundisha kusuka nywele na aliyelala naye kitanda kimoja usiku wa matanga ya Kihara. Akageuza, akaomba iwe yake, na moyo ukakataa, maana sasa ulikuwa umeonja. Akaishia kupiga magoti bila neno mpaka watu wakakaa, na yeye bado yuko chini. Alitaka kuishi. Alimtaka Griffins. Na kila alipotaka hivyo alimwona Kim na wadogo zake wamesimama kando ya kaburi. Alijichukia, kisha akamchukia daktari, kisha akamwonea huruma daktari, kisha akarudi kujichukia.

"Siombi kitu," alimwambia Mama Kim. "Nimeshindwa kuomba."

Mama Kim alimtazama kama anayetafuta uongo, hakuuona, akalia. Wakashikana pale kando ya ukuta, kila mmoja akimwogopa mwenzake kidogo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwao.

Siku ya majibu waliitwa tena wote watatu. Daktari Murugi alikuwa hajalala vizuri, macho yalimwambia kila mtu. Alianza kwa kuomba msamaha hata kabla hawajakaa, na mtu mkubwa akianza hivyo ujue mambo yameharibika.

"Seli mbaya si za Wangechi," akasema.

Mama Kim alishika kiti.

"Na si zako wewe, Mama Kim. Zako ni zilezile nzuri, hapo hatukukosea."

Wakatazamana. Kulikuwa na wanawake watatu ndani ya chumba, na wawili walikuwa wametolewa. Wangechi alihesabu tena kichwani, akadhani amekosea. Cucu ndiye alikuwa wa mwisho kuelewa, maana alikuwa akitafuta leso.

"Ni zako, Cucu," daktari akasema.

"Zangu zilikufa. Mlisema nimezeeka."

"Hazikufa. Zilishika vizuri kuliko zote. Tulifikiri ni za Wangechi."

Daktari akaeleza. Vile vichupa vitatu vya ngozi vilikwenda maabara na jina moja, Phyllis Wangechi Theuri, mara tatu, vikitofautishwa kwa nambari tu. Yeye alikuwa amepanga wakatwe kwa zamu: Wangechi wa kwanza, kwa kuwa ndiye waliyemhofia, Mama Kim wa pili, Cucu wa mwisho. Maabara wakafuata mpango huo. Kilichokufa kilikuwa cha tatu, wakasema ni cha mkongwe, na kila mtu akaona ni sawa. Asichoelewa mpaka leo ni wapi zamu ilipovurugika.

"Lakini Cucu ndiye alitangulia," Mama Kim akasema.

"Alitangulia wapi?" daktari akauliza.

"Kukatwa. Ile siku. Wewe ulikuwa umetoka nje na simu. Nurse alifungua mlango akamwona Cucu amesimama, akamwambia karibu." Mama Kim alisema hivi kwa mshangao wa kweli, kama anayeeleza kwamba mvua hutoka juu. "Tungeingia aje mbele yake? Halafu mimi, kwa sababu nilikuwa narudi Chaka. Wangechi akawa wa mwisho."

Daktari Murugi alifunika uso kwa viganja. Yeye ni mtoto wa Murang'a, alilelewa na cucu wake mwenyewe. Hata yeye, angekuwa pale mlangoni, angempisha mzee kwanza. Hakuna aliyemkosea mtu. Walikuwa na adabu, basi, na adabu ikamtia Wangechi kaburini mwaka mzima akiwa hai.

"Sasa changu ni gani?" Wangechi akauliza.

"Chako ndicho cha tatu," daktari akasema taratibu. "Kilichokufa. Hatuna kitu chako, Wangechi. Hatujawahi kuwa nacho. Kile kitu tulikiona kwa damu yako, unacho, kama mate yalivyoonyesha Cucu naye anacho, lakini moyo wako wenyewe hatujauona ukipiga."

"Kwa hivyo niko na ugonjwa ama sina?"

"Sijui."

"Baba yangu alikufa na hicho kitu."

"Ndiyo. Na Cucu anacho, seli zake ndizo hizo uliziona zikipiga vibaya kwenye simu yangu, na amefika miaka themanini na nne. Kitu kimoja kimeua wanawe na kikamwacha yeye. Sijui kwa nini. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya mara ya pili." Akavuta pumzi. "Tunaweza kukata tena. Tuanze upya. Itachukua kama mwaka."

Wangechi alitazama mkono wake, pale kwenye kovu dogo. Alitaka kucheka na alitaka kurusha kiti. Ule moyo aliokuwa akiuota, uliokuwa ukinyamaza katikati ya usingizi wake, haukuwa wake. Ulikuwa wa huyu mzee aliyekaa hapa amefunga kitambaa cha maua. Na wake, mzuri au mbaya, ulikuwa kifuani umenyamaza kimya kuhusu habari zake, kama siku zote.

"Nitakuambia," alimjibu daktari, akasimama.

Mama Kim alikimbilia simu kuwaita watoto wake, na hakuna wa kumlaumu. Wangechi akatoka na Cucu. Walipofika kwenye zile ngazi, Cucu hakutangulia. Alishika ukuta. Alishuka mbili, akakaa palepale njiani, wagonjwa wakiwapita.

"Nipumzike," akasema. "Si mmesikia. Moyo yangu ni mbaya."

"Cucu, ni huo huo ulikuja nao asubuhi. Ulipanda hizi ngazi ukituacha."

"Asubuhi sikuwa najua."

Wangechi akakaa kando yake. Aliona kidole cha bibi yake kikipanda polepole mpaka shingoni, kikatafuta, kikakaa. Alikijua kile kidole. Alikuwa nacho mwenyewe mwaka mzima.

"Kwa hivyo si Theuri," Cucu akasema baadaye. "Nimemtukana Theuri kwa kaburi yake miaka hii yote. Kihara aliipata kwa hii tumbo. Wote wawili. Niliwabeba, nikawanyonyesha, nikawapa hiyo."

Alilia kama wazee wanavyolia, bila sauti, maji tu yakifuata mikunjo. Wangechi alijua mjukuu mwema angesema nini hapo, apanguse uso, aseme ni mapenzi ya Mungu. Lakini lilikuwa limemkaba swali lake mwenyewe, lile lililomfukuza Griffins, na hapa duniani hakuna mwingine wa kuulizwa.

"Cucu," akasema, "ungejua mapema. Kabla hajazaliwa. Ungeambiwa huyu mtoto utampa hiyo kitu, na itamwangusha akiwa na miaka arobaini na moja. Ungemzaa?"

Cucu aligeuka. Machozi yalikuwa bado yanashuka lakini macho yalikuwa makali, yale ya kumtazama mtu aliyeingia kanisani na kofia.

"Nikatae Kihara?" akasema.

"Nauliza tu."

"Kihara wangu. Kihara aliniita mama miaka arobaini na moja. Sasa unataka niirudishe? Niirudishe kwa nani?"

Hakungoja jibu. Akageuza uso, akalia upya, safari hii kwa sauti, na mlinzi wa mlangoni akaja kuuliza kama kuna aliyefariki. Wangechi akamwambia ndiyo, zamani kidogo. Akamkumbatia bibi yake mpaka akatulia. Kisha akatoa simu, akapiga nambari ambayo alikuwa ameifuta na bado aliijua kwa kichwa.

Griffins alishika upesi, nyuma yake kukiwa na upepo, pengine yuko juu ya nguzo.

"Nimetoka hospitali," Wangechi akasema. "Zile hazikuwa zangu. Zangu zilikufa, hawakuona kitu. Naweza kuwa nayo, naweza kuwa sina. Hata daktari hajui."

"Sasa," Griffins akauliza, "unapiga kuniambia nini?"

"Ulete wazee."

Hakuwa amejua atasema hivyo mpaka alipojisikia. Cucu, pale kwenye ngazi, alipangusa uso kwa pindo la kitambaa akauliza ni wazee wa nani.